Roka Nane Kwenye Trei ya Mayai

Kila asubuhi ya likizo ya Agosti, Shiko alifungua duka la baba yake pale Yamumbi saa kumi na mbili na nusu. Alifagia kibaraza, akapanga mikate, akawauzia majirani maziwa. Baba yake, Mzee Mungai, alipomaliza chai yake na kuja kukaa kwenye kaunta, Shiko alivaa ovaroli ya samawati iliyokunjwa mikono mara tatu, akavuka barabara ya murram hadi gereji ya Mama Byron.

Jina hasa la Mama Byron lilikuwa Seline Adoyo, lakini hakuna aliyemwita hivyo. Gereji yake ilikuwa mabati machache juu ya nguzo, na meza ndefu ya mbao iliyokunywa oili mpaka ikawa nyeusi. Watu walileta magari ya kizazi kipya na ya kizazi cha babu zao, naye aliyatazama yote kwa utulivu uleule, kichwa kimeinama kidogo, kama daktari anayesikiliza kifua.

Shiko alikuwa na miaka kumi na miwili, gredi ya saba, darasa moja na Byron. Hakuwa mwepesi wa kusema. Kazi yake ilikuwa kutazama, na macho yake hayakuchoka. Mama Byron aliliona hilo, akamkubalia kushika spana. Baba yake ndiye aliyesitasita.

"Sawa, nenda," alimwambia siku ya kwanza. "Lakini nisikize vizuri, Shiko. Siku utaharibu kitu, hiyo ovaroli unaitundika hapo kwa msumari, unarudi kaunta. Mambo ya gereji yanaishia hapo."

Shiko aliitikia kwa kichwa. Tangu siku hiyo, alipouona ule msumari ukutani, aliuogopa.

Wiki ya pili ya likizo, gari lililoletwa gereji lilikuwa la baba yake mwenyewe. Ilikuwa Datsun pikapu, kuukuu, iliyobeba chakula cha ng'ombe hadi Kiplombe na Chepkoilel kwa miaka mingi. Sasa injini ilikuwa na mlio. Ka-ka-ka-ka! Mwanzoni ilipiga ikiwa baridi tu. Halafu ikaanza kupiga hata ikiwa moto, na moshi wa samawati ukafuata nyuma.

"Baba Shiko," Mama Byron aliuliza, "oili unabadilisha?"

"Kila wakati," Mzee Mungai alijibu, akiangalia gurudumu.

"Basi hii itabidi tuifungue yote. Injini ishuke, tuone ndani kuna nini."

Jumanne asubuhi injini ilikuwa imekaa juu ya magogo mawili. Mama Byron alitoa kifuniko cha juu, na Shiko akasogea karibu. Pale chini ya kifuniko kulikuwa na chuma cha mviringo, kinene kama kidole gumba, kirefu kama mkono wa mtu mzima kutoka kiwiko hadi vidole.

"Hii ndiyo shafti ya roka," alisema Mama Byron. "Na hivi vyuma vidogo vilivyovishwa juu yake ndizo roka zenyewe. Hesabu."

"Nane," alisema Shiko.

"Nane. Kila moja inacheza kama bembea ya ubao ya watoto. Huku inasukumwa juu, huku inabonyeza valvu. Valvu ikifunguka, injini inapumua. Sasa shika hiyo spana."

Shiko alianza kufungua bolti ya kwanza. Alipoizungusha nusu raundi, Mama Byron alimgusa mkono.

"Hapo hapo. Hamia nyingine. Nusu raundi huku mwisho, nusu raundi mwisho wa pili, ukirudi katikati polepole."

"Si amalize moja kwanza?" Byron aliuliza. Alikuwa ameketi juu ya tairi akila muwa.

"Wewe na kumaliza! Huko chini kuna springi zinasukuma. Ukiachilia upande mmoja, shafti inapindika. Hujawahi kuona watu wamebeba kabati, halafu mmoja anaachilia tu?"

"Nimeona. Mmoja alikuwa wewe, kabati lilikuwa letu."

"Nyamaza ule muwa."

Bolti zilipolegea zote, Mama Byron aliinua shafti kwa mikono miwili na kuiweka mezani. Alitoa pini iliyokuwa mwishoni mwa shafti, kisha akaanza kuvua vitu kimoja kimoja: springi, roka, mguu wa kushikilia shafti, roka nyingine. Kando yake aliweka trei ya mayai. Katika mashimo ya trei alikuwa ameandika nambari kwa kalamu ya wino mzito, moja mpaka nane, kuanzia upande wa rejeta, mbele ya injini. Kila roka iliingia kwenye shimo lake.

"Mbona usiziweke tu kwa beseni?" Shiko aliuliza.

"Kiatu chako ukimpa Byron avae mwaka mzima, utakitaka tena?"

"Hapana!"

"Kwa nini? Si ni kiatu tu? Ni kwa sababu kitakuwa kimezoea mguu wake. Roka ni hivyo hivyo. Kila moja imelika pamoja na mahali pake na valvu yake. Ukiihamisha, inaanza kugombana na jirani mpya."

Saa sita Mama Byron alivua ovaroli. Alikuwa anaenda mjini kutafuta gaskiti ya kuziba kifuniko cha injini, na mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa Kiplombe.

"Shiko, hizi roka nakuachia wewe uoshe. Dizeli iko kwa beseni, brashi hii hapa. Moja moja. Unatoa, unaosha, unapanguza, unarudisha kwa nambari yake. Hapo ndipo unachukua nyingine. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mama Byron."

Shiko aliosha roka ya kwanza taratibu. Uchafu ulikuwa umeganda kama lami. Aliosha ya pili, akaosha ya tatu. Kila moja ilichukua karibu robo saa. Upepo ulianza kupeperusha mifuko ya plastiki, na tone la kwanza la mvua likapiga bati.

"Hapo utakesha," alisema Byron. "Mimina zote ziloweke. Dizeli itafanya kazi, wewe unapumzika."

"Mama yako alisema moja moja."

"Alisema zioshwe. Zikiwa safi, atajuaje?"

Shiko alitazama mashimo matano yaliyobaki. Akawaza Mama Byron akirudi na kukuta kazi yote imekwisha, roka nane zinang'aa kwa mpangilio. Alizichota zile tano kwa viganja, akaziachilia ndani ya beseni. Zilizama katika dizeli nyeusi bila sauti.

Zilitoka safi kweli. Lakini alipozipanga mezani juu ya kitambaa, aliona kosa lake. Roka tano zilikuwa zinafanana kama mayai ya kuku mmoja. Ipi ilikuwa ya nne? Ipi ilikuwa ya nane? Alizigeuza, akazinusa hata, kana kwamba harufu ingemwambia. Byron naye aliacha kutafuna muwa.

"Weka tu," Byron alinong'ona. "Ni chuma."

Shiko aliziweka kwenye mashimo kwa kubahatisha.

Mama Byron aliporudi, amelowa mabegani, alisimama mbele ya trei muda mrefu.

"Yawa! Tazama hii kazi," alisema. "Shiko, wewe una mkono wa fundi." Akamwita Mzee Mungai kutoka ng'ambo ya barabara. Mzee akaja chini ya mwavuli, akatazama, akatabasamu kidogo. "Kumbe," alisema. Neno hilo moja Shiko alikuwa amelingoja likizo nzima. Sasa lilipokuja, aliinama akaanza kukusanya brashi na vitambaa.

Jioni ile alimpa mteja chumvi badala ya sukari, mara mbili. Baba yake alimuuliza kama anaumwa, akasema hapana. Alitaka kusema jambo lile, lakini kila alipofungua mdomo aliuona ule msumari ukutani.

Asubuhi iliyofuata, Mzee Mungai alikuwa gereji mapema kusikia hukumu ya gari lake. Mama Byron alishika shafti iliyooshwa, akaipitishia ukucha wa kidole gumba taratibu upande wa chini.

"Macho yanadanganywa na mng'aro," alimwambia Shiko. "Ukucha haudanganyiki. Leta kidole chako. Hapa, kwa roka ya kwanza?"

"Ni laini."

"Na hapa?"

Ukucha wa Shiko ulikwama. Palikuwa na ngazi ndogo, kama ukingo wa mtaro. Ilikuwa mahali pa roka ya tano.

"Hicho ndicho kidonda," alisema Mama Byron. "Mlio wote ule, ka-ka-ka, ulikuwa unatoka hapa. Sasa tuone roka yake imeumia namna gani." Alichukua roka kutoka shimo la tano. Akalitazama tundu lake kwenye mwanga. Akaingiza kidole, akakizungusha. Uso wake ukabadilika.

"Hii haina kitu. Ni nzima kabisa." Akaivisha kwenye shafti, ikakaa vizuri pande mbili, katikati ikalegea. "Haiwezekani. Kidonda kiwe mguuni, na kiatu kisiwe na msumari?"

"Labda fundi wa zamani alitia shafti ya gari lingine," alisema Mzee Mungai.

"Labda. Kama ni hivyo, basi oili haina kosa, tunatafuta ugonjwa mwingine kabisa." Kisha akageuka polepole. "Byron. Hebu kuja hapa."

Byron alisogea akiwa ameficha mikono nyuma.

"Jana ulichezea hii trei?"

"Sijagusa roka hata moja, mathe."

"Usiniite mathe ukiwa unanidanganya. Nakujua. Mwezi uliopita ni nani alichanganya nati za gari la mwalimu?"

"Hiyo ilikuwa mwezi uliopita!"

"Toka kwa gereji yangu. Rudi nyumbani, na likizo hii sitaki kukuona hapa tena."

Byron alimtazama Shiko mara moja tu. Alichukua sweta yake juu ya tairi na kuanza kuondoka, akiburuta viatu kwenye matope.

Shiko alipiga hatua moja mbele. Baba yake alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake.

"Ni mimi," alisema.

"Nini?"

"Si Byron. Ni mimi nilimimina roka zote kwa beseni. Hizi tatu za kwanza ziko sawa, niliosha moja moja. Kutoka nne mpaka nane nilibahatisha."

Maji ya mvua ya jana yalikuwa bado yanadondoka kutoka ukingo wa mabati. Mama Byron aliweka roka chini.

"Na jana nilipokusifu?"

"Nilinyamaza." Shiko aliitazama ovaroli yake. "Niliogopa kurudi kaunta."

Mzee Mungai alivuta pumzi. "Haya. Ulijua maneno yangu. Vua hiyo ovaroli twende."

"Baba Shiko, ngoja," alisema Mama Byron. Hakupandisha sauti. "Akienda sasa, atakuwa amejifunza kwamba ukisema ukweli unafukuzwa. Aliyezichanganya ndiye atazipanga. Akimaliza, utamchukua ukitaka." Kisha akaita kuelekea barabarani, "Byron! Rudi. Nimekukosea."

"Mara ngapi?" Byron aliuliza kutoka mbali.

"Mara moja. Rudi kabla hazijakuwa sifuri."

Alimvutia Shiko kigoda karibu na meza, akamletea hedi ya injini ikiwa bado na valvu zake.

"Sikiza. Chuma hakisahau. Kila roka ina mashahidi wawili. Wa kwanza ni shafti. Roka ilipokaa miaka yote imeacha alama, na alama hiyo inalingana na tundu la roka yake. Wa pili ni kichwa cha valvu. Tazama hapa, roka inapogonga inaacha kidoa. Kingine kiko katikati, kingine kimeenda pembeni. Na pua ya roka nayo ina kidoa kinacholingana. Usiniletee jibu mpaka mashahidi wote wawili wakubaliane."

Shiko alianza. Alipaka shafti oili kidogo, akaivisha roka moja, akaitikisa, akaitoa, akaivisha mahali pengine. Roka ya tano aliipata upesi, kwa sababu tundu lake lilikuwa limelika kama mdomo wa chungu cha zamani. Alikuwa ameiweka kwenye shimo la saba. Ya sita ilimchukua saa nzima. Byron alimletea chai, akaketi kando kimya, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

Akiwa anatazama ile ya tano kwa mara ya kumi, Shiko aliona kitu kingine. Upande wa chini wa shafti kulikuwa na matundu madogo ya kupitisha oili, moja kwa kila roka. Katika matundu mengine mwanga ulionekana hadi ndani. La tano lilikuwa jeusi.

"Mama Byron, hapa pameziba."

Mama Byron alimpa waya mwembamba wa shaba. Shiko alichokoa polepole, na tope gumu jeusi likatoka, kama masizi yaliyochanganywa na gundi. Mama Byron alilisaga kati ya vidole, akalinusa, akampaka Mzee Mungai kidoleni. "Oili ya zamani, imeganda," alisema.

"Si mgeuze tu hiyo shafti?" Mzee Mungai alisema haraka. "Hiyo sehemu iliyolika iende juu, ile nzima ije chini. Yaishe."

"Watu wengi wanafanya hivyo," alijibu Mama Byron. "Lakini matundu ya oili yametobolewa chini kwa sababu uzito uko chini. Ukigeuza, kidonda hutakiona tena, lakini oili haitafika panapohitajika. Mwezi mmoja, miwili, inalia tena, na safari hiyo inalia vibaya. Mficha maradhi, kilio humfichua, Baba Shiko."

Mzee Mungai alitazama lile tope kwenye kidole chake. Halafu akamtazama binti yake, aliyekuwa amerudi kuinama juu ya roka zake, pua imepakaa oili.

"Mama Byron," alisema. "Ile siku uliniuliza juu ya oili."

"Nikauliza."

"Sikuwa nabadilisha. Nilikuwa naongeza tu, ikipungua. Tangu mwaka juzi."

Mama Byron alimtazama, kisha akacheka mpaka akajishika kiuno. "Basi twende kaunta wote! Tutajipanga mstari mmoja, nani atatuuzia mkate?"

Hata Mzee Mungai alicheka, ingawa hakumtazama mtu machoni. Kuhusu ovaroli hakusema tena.

Saa tisa alasiri Shiko aliinua kichwa. "Ya tano, ya sita na ya saba nina hakika. Mashahidi wamekubaliana." Alinyoosha viganja, kila kimoja kikiwa na roka. "Hizi mbili, moja ni ya nne na nyingine ni ya nane. Lakini ipi ni ipi, sijui. Nimejaribu mara nyingi. Siwezi kubahatisha tena."

Mama Byron alizipokea. Alizipima moja moja kwa kipimo chake cha chuma, akaangalia pua zake chini ya tochi kwa muda.

"Karibu hazijalika hata kidogo, hizi. Ndiyo maana hazikukuambia kitu. Nitazisugua pua zote mbili zilingane, na zitafanya kazi popote kati ya nafasi hizo mbili." Akamrudishia. "Lakini ungeniambia ati unajua, ningekuondoa mimi mwenyewe, si baba yako."

Kwa siku nane walitafuta shafti nyingine nzuri, na roka ya tano, kwa wauzaji wa vyuma mjini. Siku ya tisa, Shiko aliivisha shafti mwenyewe, matundu yakiangalia chini, akakaza bolti nusu raundi hapa, nusu raundi pale. Mzee Mungai alipozungusha ufunguo, wote waliinamisha vichwa. Injini iliguna mara mbili, ikawaka. Walisubiri ule mlio, ka-ka-ka. Haukuja. Ilisikika ngurumo laini tu, kama paka anayelala.

Mzee Mungai aliukata upande mmoja wa boksi la sabuni, akampa Shiko kalamu. "Andika tarehe ya leo. Andika *oili mpya*. Kisha uache nafasi ya tarehe nyingine, na nyingine. Tutaining'iniza karibu na usukani, nisiweze kumdanganya mtu."

Mama Byron alikuwa akifuta mikono kwa kitambaa. Aliwatazama Shiko na Byron.

"Mnajua, mimi nimechanganya roka nikiwa mkubwa kuliko nyinyi. Kukosea si ajabu, hata fundi mzee hukosea. Kosa likisemwa siku hiyo hiyo, linakuwa kazi tu. Unakaa chini, unalirekebisha, unaamka ukijua kitu. Likifichwa, linaanza kusema uongo kwa niaba yako. Jana lilinifanya nimfukuze mtoto wangu bure, na karibu linipeleke kutafuta ugonjwa ambao haupo. Ukikosea, sema mapema, wakati chuma bado kiko mezani."

"Si jana, mathe," alisema Byron. "Ni siku tisa."

"Wewe nenda ulete dizeli."

Lori la jirani lilikuwa tayari linasubiri nje. Mama Byron alitoa trei mpya ya mayai chini ya meza na kumpa Shiko kalamu ya wino mzito. Shiko aliandika nambari moja mpaka nane, kuanzia upande wa rejeta. Roka za lori zilipotolewa na kupangwa humo, akachukua ya kwanza, akaiosha, akaipanguza, akairudisha kwenye shimo lake. Hapo ndipo alipochukua ya pili.